Salamu za Shemeji

Aliyesimama kwenye televisheni hakuwa Shemeji.

Jina lilikuwa lake, hilo halina ubishi, limeandikwa pale juu kwenye kona kama siku zote. Lakini mwili ule! Jitu limevikwa chuma kuanzia utosini hadi kucha, upanga mgongoni mrefu kuliko mwenyewe, kifua mbele, shingo hata haijulikani inaanzia wapi. Mama Vipimo alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, sindano ameibana kwa midomo. Aliitoa ile sindano taratibu, maana fundi cherehani akishtuka na sindano mdomoni anaweza kuimeza, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake. Ndipo akauachia mdomo ubaki wazi.

"Huyu nani?"

Binti yake, Kidoti, alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda, rimoti ya gemu mapajani, uso mzima unacheka. Tangu asubuhi alikuwa akingoja swali hilo.

"Shemeji huyo, mama! Nimemtengeneza upya. Sasa hakuna wa kumsumbua. Leo leo unamaliza gemu lako, unapumua."

Mama Vipimo hakuyasikia maneno hayo yote. Macho yake yalikwisha kukimbilia kona ya chini ya kioo, mahali ambapo kwa mwaka mzima na ushee palikuwa na kitone cha njano, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Akapatazama. Akasogea, akapapangusa kwa kiganja kama mtu anayefuta vumbi. Hapakuwa na kitone. Akarudi kinyumenyume, akajikuta amekaa juu ya kapu la mabaki ya vitambaa, na kapu likalia chini yake.

"Mama? Hujafurahi?"

Jamani, kuna zawadi nyingine heri mtu angekupiga kofi. Lakini ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima, mwenye wateja na heshima zake mtaani, alikaa juu ya kapu akihema kwa sababu ya kitone cha televisheni, ni lazima kwanza amjue Shemeji. Na hawezi kumjua Shemeji bila kumjua Cheche.

Cheche alikuwa mume wake. Kazi yake kuchomelea mageti, na jina alipewa na mashati yake, yote yametobolewa tobolewa na cheche kifuani, mke anaziba leo, yeye anatoboa kesho. Mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia mashine ya gemu pamoja na mchezo wake, naye Cheche akavileta nyumbani kwa ajili ya Kidoti, wakati huo bado mwanafunzi. Basi nani akaucheza? Wazee wenyewe! Mtoto akageuzwa mkalimani. Mchezo uliitwa Falme za Ukungu, na lugha yake ilikuwa ya kigeni, kwa hiyo kila jioni Kidoti aliwekwa katikati, baba huku, mama kule, akiwasomea yaliyoandikwa kwenye panga, kwenye pete, kwenye mawe ya makaburi. Habari za mfalme aliyeuza kivuli chake. Habari za kijiji kilichosahau jina lake, watu wakawa wanapotea wakienda kisimani. Akitafsiri vibaya wanamrudisha nyuma. Akisinzia wanamtikisa. Wakamaliza sehemu ya kwanza, wakapata ya pili, halafu ya tatu, na mtu wao akawa anahama nao kutoka sehemu hadi sehemu, na makovu yake yote mwilini.

Mtu wao ndiye Shemeji. Siku ya kumpa jina waligombana vizuri tu. Cheche alitaka aitwe Radi, mkewe akasema radi haina adabu. Mwishowe Cheche akasema, "Mtu anayekuja kwako kila jioni, anakaa, haondoki mpaka chakula kipoe, huyo ni shemeji tu." Likapita.

Kila Shemeji alipokua hatua moja, mchezo ulimpa alama moja ya kuongeza popote: nguvu, kasi, akili au tiba. Kitone cha njano kinawaka kona ya chini, kukuambia alama ipo inangoja. Wale wanandoa walikubaliana zamu: hii yako, inayofuata yangu. Zamu ya Cheche ikifika anatia kwenye nguvu. Kila mara, bila kufikiri, nguvu. Ya mkewe, tiba. Ukifanya hivyo kwa miaka unapata kiumbe wa ajabu: mkono wa kulia glovu ya chuma kubwa kama sufuria, mwili kanzu nyeupe ya mganga, anaenda upande kwa uzito wa glovu. Anampiga adui ngumi moja takatifu, halafu anakimbilia pembeni kujifunga bendeji. Kidoti aliwahi kwenda mtandaoni kuwauliza wajuzi, wakamcheka. Mtu wa vita, walisema, anachaguliwa njia moja tu, anakazaniwa hapo hapo. Huyu wenu hana mbele wala nyuma.

"Mbele anapiga, nyuma anatibu," Cheche alijibu. "Wanataka apike pia?"

Na kulikuwa na ile salamu. Rimoti alishika mama, kwa kuwa vidole vya Cheche vilikuwa vimekauka kwa moto wa kazi, vinachelewa. Yeye alijichagulia kitufe kimoja tu, kidogo, cha pembeni, ambacho watu wengi hawakumbuki hata kama kipo. Ukikibonyeza, mtu wako anaweka mkono kifuani na kuinama. Kabla ya kila pambano, liwe na panya wa pangoni au na joka lenyewe, Cheche ananyoosha mkono juu ya mapaja ya mkewe, anabonyeza kwa kidole gumba. "Huwezi kumpiga mtu hujamsalimia," anasema. Halafu anaanza: "Hujambo, zimwi? Za nyumbani? Watoto wazima?" Zimwi nalo halijui adabu, linashusha shoka wakati Shemeji bado ameinama.

"Tumekufa tena!" mama anapiga kelele. "Tumekufa kwa heshima zako!"

"Afadhali kufa kuliko kuitwa mshenzi," Cheche anajibu, na Kidoti katikati anacheka mpaka anashika mbavu.

Basi ndivyo walivyoishi. Halafu siku moja Cheche alikwenda kazini, na moyo ukamsimama akiwa ameinamia chuma, kofia ya kuchomelea bado usoni. Wenzake walipita, wakarudi, wakapita tena, wakidhani anakagua kazi yake. Jioni ya kabla ya siku hiyo Shemeji alikuwa amekua hatua moja. Ilikuwa zamu ya Cheche. Alipiga mwayo akasema, "Niachie, nitaitia kesho."

Mkewe alimwachia. Kitone kiliwaka na kuzima wiki zile za msiba televisheni ilipofunikwa shuka, kikawaka na kuzima alipoifunua na kuanza tena kucheza, peke yake, Jumapili. Alifika hadi kwenye Daraja la Ukungu, hatua chache tu kutoka Geti la Mwisho linalomaliza mchezo, na hapo akakwama. Walinzi wa darajani walimuua Shemeji, wakamuua tena, wakamuua kila Jumapili. Alama ile moja ingemsaidia kidogo. Hakuigusa. Wala hakumsalimia mlinzi hata mmoja, hiyo haikuwa kazi yake.

Sasa huyu binti.

"Ulifanyaje?" Mama Vipimo aliuliza kutoka juu ya kapu. Sauti ilimtoka nyembamba.

Kicheko cha Kidoti kilikuwa kimeanza kumpotea usoni. "Nilimpeleka kwa Mfumuaji."

"Kwa nani?"

"Kwa Mfumuaji, mama. Yule bibi wa pangoni."

Alimjua. Jina wenyewe walimpa, wakilichukua kwenye kazi ya mama. Yule bibi ukimpelekea yai la kioo, anakufumua: alama zako zote, tangu siku ya kwanza ya sehemu ya kwanza, anazitoa moja moja anazimwaga mbele yako, ukajishone upya unavyotaka. Cheche alimchukia bibi huyo kama nini. Kila wakipita karibu na pango lake alikuwa akisema, "Tusimsogelee yule, ana macho ya mtu wa kuazima vitu." Na yai la kioo katika hadithi nzima lilikuwa moja tu.

"Mrudishe," alisema Mama Vipimo.

"Mama, haiwezekani. Yai limekwisha..."

"Mrudishe, nimesema."

"Gemu inajihifadhi yenyewe. Hakuna pa kurudi." Kidoti alikuwa amepiga magoti sasa, rimoti ameikumbatia. "Nilidhani utafurahi. Kesho kutwa nahamia kule kazini, nitakuwa mbali, nani atakuja kukutazama? Nikikuuliza Jumapili umefanya nini leo, unaniambia nimekufa darajani. Kila Jumapili, mama! Unajua inavyoniuma kusikia hivyo? Nikasema nisiondoke nikakuacha pale."

"Uliniuliza?"

"Nilitaka iwe zawadi."

"Uliniuliza, wewe mtoto?"

Kidoti aliinamisha kichwa. Kile kidoti cheusi kidevuni, ambacho baba yake alikifanya jina, kikajificha kifuani.

"Zile nguvu zote alizitia baba yako," Mama Vipimo alisema. "Nilikuwa nikiufungua ule ukurasa wake naziangalia. Wewe unaona namba. Mimi nilikuwa naijua kila moja. Kuna ile ya siku ulipofaulu mtihani, akasema Shemeji naye apate chake. Kuna ile ya siku maji yaliingia ndani, tukainua televisheni juu ya kabati, tukacheza tumesimama kitandani kama vichaa. Kuna ile tuliyonuniana wiki nzima, hatusemezani, lakini zamu yake ilipofika akanisogezea kiti. Na ile ya mwisho aliniambia nimwachie. Nimemwachia mpaka leo. Nimeamka asubuhi ilikuwepo. Umeitia wapi?"

"Kwenye... kwenye nguvu," Kidoti alinong'ona. "Zote nimetia kwenye nguvu."

Hapo mama alitaka kucheka na akashindwa, alitaka kulia nako akashindwa. Alibaki amemkodolea macho yule askari wa chuma anayepumua kwenye kioo, mgeni kabisa, amesimama kwenye chumba cha marehemu kana kwamba amealikwa.

"Hodi! Fundi! Fundi, nimekuja!"

Mteja. Duka lilikuwa wazi mbele, na duka halijui misiba ya chumba cha nyuma. Mama Vipimo alisimama, akajifuta uso kwa upindo wa gauni, akatoka.

Alikuwa Mwalimu wa hesabu, mtu mwema, mpenda kula, aliyekuwa ameleta koti lake la arusi liongezwe kiunoni. Alisema koti limesinyaa kabatini. Mama Vipimo alimkubalia, maana kazi yake ni kushona, si kubishana na matumbo ya watu. Alimvalisha. Koti lilifunga. Mwalimu akajigeuza geuza mbele ya kioo kirefu, amefurahi, halafu akainamisha shingo kutazama ubavuni.

"Fundi, hivi vitundu ni vya nini? Vimepanga mstari."

"Hapo ndipo palipokuwa na mshono wa zamani. Nilikuambia, nikifumua, matundu ya sindano yanabaki."

"Hayatoki kabisa?"

"Nitayapiga pasi ya mvuke, yatajificha kidogo." Alipitisha kidole kwenye ule mstari, kama anavyofanya siku zote kutafuta uzi uliosahaulika. "Kutoka, hayatoki. Kitambaa kimekaa na uzi miaka mingi, kimeushika. Hata ungenipa macho yangu yamefungwa, ningekuonyesha kiuno chako cha zamani kilipokuwa."

"Usiwaonyeshe watu, tafadhali," alisema Mwalimu.

Kwa kawaida angecheka. Leo kidole chake kilibaki pale pale kwenye vitundu, kikienda juu, kikirudi chini, mpaka Mwalimu akakohoa. Akamvua koti, akamwambia akazunguke kidogo, pasi ikipata moto atalikuta tayari. Aliichomeka pasi kwenye umeme, na badala ya kusimama hapo kuingoja, akarudi nyuma.

Kidoti alikuwa pale pale alipomwacha, amejikunja, kope zimelowa.

"Lete," mama alisema, akanyoosha mkono.

"Unataka kufanya nini?"

"Kwani umemtengeneza kwa ajili ya mapambo? Lete nimwone anavyotembea."

Alikaa kitandani, upande wake ule ule. Kidoti akapanda akakaa kando. Mama hakuwa amemsamehe, tusidanganyane. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Cheche alikufa akilibishania, nalo ni lile Geti la Mwisho. Hadithi zote za Falme zilisema geti lilifungwa na wafalme wa kale ili watu wasiingie katika bustani ya wasiokufa. Cheche, akiwa fundi wa mageti, alikuwa ameisogelea televisheni siku ile geti lilipoonekana kwa mbali, akasema, "Waongo hao. Tazameni komeo liko wapi. Liko upande wetu. Mtu akitaka kukuzuia usiingie kwake anaweka komeo ndani. Hili limewekwa kumfungia aliyeko huko." Kidoti alibisha, mama alibisha, wakabishana mpaka chakula kikaungua. Ili kulijua jibu ilibaki kuvuka lile daraja.

Yule wa chuma akaingia darajani. Mlinzi wa kwanza akaja, yule yule aliyemuua Shemeji kila Jumapili, na mama akabonyeza kwa mazoea ya woga. Pigo moja. Mlinzi akaanguka. Wa pili, pigo moja. Waliofuata hata hawakuwahi kuinua mikuki. Mama Vipimo akaitazama rimoti. Mwaka mzima wa Jumapili, na kumbe mambo yalikuwa mepesi namna hii! Hakuona raha yoyote. Aliona aibu kidogo, kama mtu aliyepitishwa mbele ya foleni.

Katikati ya daraja muziki ulikatika. Ukungu ukaja mzito, ukafunika kingo, ukafunika geti.

"Hii sijawahi kuiona," alisema mama.

Kidoti alijisogeza. "Mama, kuna kitu sijakuambia. Nilikisoma mtandaoni jana."

"Kingine tena?"

"Usikasirike. Ukishamfumua mtu wako, yule wa zamani hapotei. Unakumbuka mfalme aliyeuza kivuli? Ndiyo hivyo. Kinachofumuliwa hakifi, kinakuja kukaa hapa kwenye ukungu. Anakungoja. Na geti halifunguki mpaka umuue."

"Nimuue nani?"

"Shemeji. Yule wetu."

Mama Vipimo aligeuka akamtazama mwanawe kama anayetazama mtu aliyeingilia dirishani. Nani anatunga mambo kama haya? Watu gani hao, wamekaa kwenye maofisi yao huko waliko, wakaona ni mchezo mzuri kumpa mjane rungu na kumwambia aanzie hapa? Aliiweka rimoti kitandani.

"Siwezi."

"Basi tuzime."

"Zima. Zima upesi."

Lakini Kidoti hakuzima, kwa sababu ukungu ulikuwa umefunguka na mtu alikuwa anakuja.

Alikuja polepole, anaenda upande kwa uzito wa glovu. Kanzu nyeupe, upindo wake umeungua pale joka la sehemu ya kwanza lilipompulizia, alama ambayo haikutoka tena. Bendeji kiunoni. Hakuna kilichopungua. Mama Vipimo aliweka kiganja mdomoni, na chini ya kiganja ikasikika sauti ndogo, si kilio wala si neno.

"Mama, shika rimoti," Kidoti alisema, amepaniki. "Atakuua. Wanasema anapigana jinsi mlivyokuwa mkipigana, mchezo unakumbuka. Una upanga mrefu, mpige kabla hajafika! Mama, shika!"

Mama aliichukua rimoti kwa mikono miwili. Jitu la chuma likainua upanga. Yule wa zamani akazidi kusogea, akafika mahali ambapo angeweza kurusha ngumi yake.

Akasimama. Akaweka mkono kifuani. Akainama.

Walisikia pasi ikitoa mlio wa kupata moto kule dukani, na hakuna aliyeijali.

"Mimi sijabonyeza kitu," alisema Kidoti.

"Najua."

"Wewe je, umebonyeza?"

"Sijabonyeza."

Yule wa kanzu aliinuka. Aliangalia mbele kidogo, halafu akainama tena, mkono kifuani, kisogo wazi chini ya ule upanga ulioinuliwa. Hakujikinga. Hakuwahi kujikinga, ndiyo maana walikuwa wakifa. Kidoti alishika mkono wa mama yake kwa kucha zote.

"Mama," alisema, na sauti ikampasuka katikati, "baba anatusalimia."

Mama Vipimo alikuwa analia waziwazi sasa, machozi yanadondoka kwenye utepe wa kupimia, na hakuhangaika kuyafuta. Alishusha upanga. Alikuwa ameishika rimoti ile miaka yote, jioni baada ya jioni, na sasa aliigeuza huku na huku kama kitu alichokiokota barabarani.

"Kitufe ni kipi?" aliuliza. "Cha kujibu. Kitufe chake ni kipi? Sikuwahi kukibonyeza."

Kidoti aliinama juu ya mapaja yake, akatafuta. Vitufe vingine vyote bado vilikuwa na alama zake, vimechakaa kidogo tu. Kimoja, cha pembeni, hakikuwa na alama yoyote. Rangi yote ilikuwa imelika, imebaki plastiki tupu yenye shimo dogo la kidole gumba. Alichukua kidole cha mama yake akakiweka hapo.

Mama akabonyeza.

Jitu la chuma liliweka mkono kifuani, chuma juu ya chuma, likainama. Mbele yake yule wa kanzu akainama. Lilipoinuka, aliinuka, akangoja, kama anayengoja mazungumzo yaendelee, kwa sababu salamu ya mtu mwenye adabu haiishii kwenye hujambo.

"Hatujambo," alisema Mama Vipimo. Akabonyeza.

Yule akainama.

"Nyumbani wazima. Mashati yako niliyaziba yote, sikumpa mtu." Akabonyeza. "Watoto wazima. Huyu hapa. Kesho kutwa anasafiri, amepata kazi, usimwone analia, ni furaha hiyo."

"Shikamoo, baba," alisema Kidoti.

Mlango wa mbele uligongwa. "Hodi, Fundi! Koti tayari?"

"Ngoja kidogo, Mwalimu," Kidoti aliitikia bila kugeuka. "Tuna mgeni."

Ukungu ulikuwa umesogea kando. Nyuma ya yule wa kanzu geti lilionekana lote, jeusi, refu kupita kioo, na komeo lake upande huu, mahali ambapo mkono ungelifikia. Mama Vipimo hakulitazama. Alijifuta pua, akajiweka vizuri kitandani, akabonyeza kile kitufe kisicho na alama.

"Na wewe je?" aliuliza. "Za huko?"

Darajani, yule wa kanzu akaweka mkono kifuani, akaanza kuinama.